Tunu Alitembea Saa Ngapi? Tahakiki ya Mchezo wa "Twende na Wakati" kwa Jicho la Keza

Katika somo la Maadili ya Kikristo tunalowafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu, tumezoea kutenga juma moja kwa ajili ya suala la uzazi wa mpango. Wanafunzi wetu wengi wa leo hawakuusikia mchezo wa redio wa "Twende na Wakati" ulipokuwa mpya. Kwa sababu hiyo huwa tunaanza kwa kuwasimulia habari zake: Mkwaju, dereva wa lori asiyetosheka na mwanamke mmoja, Tunu, mkewe, Fundi Mitindo, mshona nguo, na Mama Waridi, mkewe. Sisi tulikuwa katika shule ya msingi mchezo ulipoanza, nasi tuliufuata pamoja na watu wazima waliozunguka redio ya jirani. Hivyo tunausimulia kwa furaha, na mara nyingine kwa kirefu kupita ratiba ya somo inavyoruhusu.

Mwaka jana, tulipomaliza kusimulia, mwinjilisti mmoja aliyetumika miaka kadhaa katika vijiji vya upande wa Keza, wilayani Ngara, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyo Tunu alitembea saa ngapi mpaka kliniki?"

Darasa likacheka. Sisi nasi tukacheka, kisha tukatambua kwamba hatuna jibu. Katika sehemu zote tulizozisikia, hatukumbuki njia ya kwenda kliniki. Tunakumbuka muuguzi mwenye sauti ya upole, tunakumbuka ugomvi wa nyumbani, tunakumbuka hata mlango wa lori ukifungwa kwa kishindo. Njia hatuikumbuki. Katika makala hii tunakusudia kulichukua swali la mwinjilisti huyo kama kipimo cha kuuhakiki mchezo wenyewe, na baada ya mchezo, kuyapima pia mahubiri yetu.

Ni haki kwanza kuueleza mchezo kwa heshima unayostahili. Ulianza kusikika Radio Tanzania Dar es Salaam mnamo Julai 1993, nyakati za jioni, mara mbili kwa juma, kwa muda wa nusu saa kila mara. Serikali ilikuwa imekwisha kuanzisha Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango mwaka 1989 na kutoa Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu mwaka 1992. Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa imebebwa kwa sehemu kubwa na UMATI, chama kilichoanzishwa mwaka 1959, wakati ambapo kutamka mambo hayo hadharani kulihitaji ujasiri. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 1991–92, ni wanawake walioolewa wapatao asilimia 7 tu waliokuwa wakitumia njia za kisasa, na kwa wastani mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa watoto zaidi ya 6. Katika hali hiyo mchezo ulifanya jambo ambalo vipeperushi na mikutano ya hadhara havikuweza kufanya. Uliwafanya mume na mke waliosikiliza redio moja wawe na neno la kuanzia mazungumzo. Mtu aliyeona haya kusema habari za nyumba yake aliweza kusema habari za nyumba ya Mkwaju. Jina hilo liliingia katika lugha ya mitaani, hata mwanamume mwenye tabia ile akaitwa Mkwaju bila maelezo zaidi. Waandishi wachache wa riwaya zetu wamepata heshima ya namna hiyo.

Mbinu ya utunzi haikuzaliwa kwetu. Ilibuniwa Mexico katika miaka ya 1970 na mtunzi wa michezo ya televisheni aitwaye Miguel Sabido. Kanuni yake ni kuwapanga wahusika katika makundi matatu: wapo wanaotenda mema ambayo mchezo unataka kuyafundisha, wapo wanaoyapinga, na wapo walio katikati wanaosita, wanaojifunza na hatimaye kubadilika. Wa kwanza hupata tuzo, wa pili huadhibiwa, na wale wa katikati humvuta msikilizaji nyuma yao. Watafiti wakiongozwa na Everett Rogers walitaka pia kupima matokeo. Kwa hiyo mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huu mpaka mwaka 1995, ili eneo lile lilinganishwe na maeneo mengine ya nchi. (Tumewahi kujiuliza watu wa Dodoma wangesema nini kama wangaliambiwa kwamba wao ndio waliochaguliwa kuwa jiwe la mizani.) Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 1999, ilionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika, mazungumzo ya wanandoa na matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Hatuna sababu ya kuyapinga matokeo hayo.

Tunalolipinga ni jambo jingine, nalo ni la kitheolojia. Mchezo ambao kila mtu ndani yake hupata alichostahili ni mchezo wenye mafundisho juu ya Mungu, hata kama jina la Mungu halitajwi. Fundi Mitindo na mkewe walipanga uzazi, nao wakastawi. Mkwaju hakupanga lolote, naye akaangamia kwa UKIMWI. Msikilizaji huondoka akiamini kwamba ustawi wa nyumba ni matunda ya uamuzi wa nyumba hiyo, na kwamba taabu ya nyumba ni matunda ya uzembe wake. Wanafunzi wa Agano la Kale wataitambua sauti hiyo mara moja. Ni sauti ya Elifazi Mtemani, anayemwambia Ayubu kwamba kwa kadiri alivyoona yeye, wapandao uovu huvuna huohuo (Ayu. 4:8). Elifazi si mtu mbaya. Alikaa chini na rafiki yake siku saba bila kusema neno, jambo ambalo wengi wetu wachungaji hatuliwezi. Lakini alipofungua kinywa alikuwa na kanuni moja tu, na kwa kanuni hiyo hakuweza kumwona Ayubu aliyekuwa mbele yake. Mwishoni Mungu mwenyewe anasema kwamba Elifazi na wenzake hawakunena yaliyo sawa (Ayu. 42:7).

Mtu ataweza kutujibu kwamba hata Mtume Paulo anasema habari za kupanda na kuvuna (Gal. 6:7). Ni kweli. Lakini tusisahau kwamba mistari mitano tu kabla ya hapo, Paulo huyohuyo amekwisha kuagiza kwamba tuchukuliane mizigo. Mavuno yasipotanguliwa na mizigo, tunabaki na Elifazi peke yake.

Na hapa lazima tuutendee mchezo haki, kwa sababu mahali pamoja ulivunja kanuni yake wenyewe, na kwa maoni yetu hapo ndipo ulipokuwa sanaa kubwa. Tunu, baada ya kuteswa na Mkwaju, aliondoka, akaanza biashara yake ndogo, akasimama kwa miguu yake. Kwa kanuni ya tuzo na adhabu, hadithi yake ingeweza kuishia hapo. Lakini Mkwaju alipougua, Tunu alimuuguza. Hakuna sera ya idadi ya watu inayoweza kueleza kwa nini alifanya hivyo. Hakukuwa na tuzo. Tunakumbuka jinsi kina mama waliokuwa wakisikiliza pale kwa jirani walivyonyamaza jioni ile. Mmoja wao, aliyekuwa akichambua mchele, aliacha. Kama tungeulizwa ni sehemu gani ya mchezo ambayo Kanisa lingeweza kuifanya kuwa yake, tungejibu kwamba ni hiyo, ambamo mtu anachukua mzigo usio wake na mchezo haumwambii kwamba atalipwa.

Sasa turudi Keza. Keza ni kata ya wilaya ya Ngara, katika pembe ile ya mkoa wa Kagera ambako nchi yetu inapakana na Burundi na Rwanda, na ambako kwa upande mwingine wilaya inapakana na Biharamulo. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba na maharage, nchi ya Wahangaza na Washubi. Mgeni akisimama juu ya kilima kimoja huona kijiji anachokwenda kama kwamba kiko karibu. Ateremke bondeni na kupanda tena ndipo atakapojua. Mvua ikinyesha, hata pikipiki husukumwa. Mwinjilisti wetu alikuwa akizungumza juu ya nchi hiyo.

Mwanamke aliyechagua sindano anatakiwa kurudi kituoni kila baada ya miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Yule wa vidonge anavihitaji kila mwezi, ingawa anaweza kupewa vya miezi kadhaa kama vipo. Aliyechagua kipandikizi anaweza kukaa nacho miaka mitatu au mitano kulingana na aina yake, na kwa mtu wa mbali hilo ni jambo kubwa. Lakini anamhitaji mhudumu aliyefundishwa wa kukiweka, na (jambo ambalo mara nyingi husahaulika) anamhitaji pia wa kukitoa, siku atakapotaka kuzaa au kitakapomsumbua. Kila safari miongoni mwa hizo ni siku moja ya kilimo iliyopotea. Ni mtoto wa kubebwa mgongoni na mwingine wa kuachwa kwa jirani. Kwa mwanamke ambaye mumewe hajakubali, ni pia uongo mdogo wa kutunga kuhusu mahali alipokuwa. Akifika, anaweza kukuta kwamba mhudumu amekwenda semina mjini, au dawa zimekwisha. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyo kila siku katika zahanati fulani. Tunasema kwamba kila mtu aliyeishi vijijini, sisi tukiwamo, anaijua siku kama hiyo.

Mchezo wa redio ulimpa mwanamke huyu hamu, na hamu ni kitu chema. Lakini kwa kanuni yake, akishindwa kutimiza alilolitaka, hana mahali pa kujiweka ila katika kundi la Mkwaju. Mchezo hauna kundi la nne: mtu aliyekwisha kuamua, aliyekwisha kubadilika, ambaye hana kitu kwa sababu hakuna aliyekileta. Na watu wa kundi hilo si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake walioolewa wapatao asilimia 22 hawakutaka kuzaa kwa wakati ule, au hawakutaka kuzaa tena kabisa, na bado hawakuwa wakitumia njia yoyote. Ni zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Wanawake wengi wakiulizwa kwa nini hawatumii, hawataji umbali; hutaja hofu ya madhara, damu isiyokoma, maneno ya mawifi na mama mkwe, au katazo la mume. Kwa mambo hayo redio inafaa kweli, labda kuliko chombo kingine chochote. Tunakubali. Hata hivyo tunaomba msomaji afikiri hofu hiyo hukua wapi. Mtu anayekaa karibu na kituo, akiona damu haikomi, huenda kesho yake akaulizwa, akapimwa, akabadilishiwa njia. Mtu wa ng'ambo ya mabonde mawili hukaa na hofu yake majuma matatu, na katika majuma hayo jirani zake hujifunza kutoka kwake. Hofu yake haistahili kuitwa ujinga.

Wilaya ya Ngara ina ushahidi wake katika jambo hili. Katika siku za 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani, na Benako ikawa mji wa turubai. Wakimbizi wa Burundi nao walipokewa katika kambi kadhaa, Keza ikiwa mojawapo. Mashirika mengi yalikuja, likiwamo TCRS, shirika la huduma kwa wakimbizi la Kilutheri ambalo limekuwapo nchini tangu mwaka 1964. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Hatutaki kuipamba miaka ile, kwa maana ilikuwa ya kipindupindu, ya misitu iliyokatwa na ya hofu kubwa. Lakini ilionyesha jambo moja. Vilima vilikuwa vilevile na udongo uleule, na hata hivyo, ulimwengu ulipotaka hospitali iwe karibu na mama mjamzito, ilikuwa karibu katika muda wa majuma. Wenyeji wengi walikwenda kutibiwa kambini. Hawakuhubiriwa kwanza umuhimu wa kutibiwa. Walikwenda kwa sababu palifikika. Wakimbizi walipoondoka, sehemu kubwa ya huduma zile iliondoka nao.

Serikali yetu haikuwa kipofu kwa jambo hili. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017, unaojulikana kama MMAM, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo hilo halikufikiwa nchini kote, lakini lilikuwa na sifa ambayo mchezo wetu haukuwa nayo: lilianza na njia. Kadhalika huduma za mkoba, ambazo wahudumu hutoka mjini na vifaa vyao na kukaa siku moja kijijini, zinalijibu swali la mwinjilisti kwa kumpunguzia Tunu mwendo badala ya kumwongezea mawaidha.

Takwimu za miaka hiyo zinatutia moyo na kutuonya. Kutoka asilimia 7 ya mwaka 1991–92, matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa yalipanda hadi 13 mwaka 1996, 20 mwaka 2004–05, 27 mwaka 2010 na 32 mwaka 2015–16. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 yalikuwa 31. Baada ya kupanda kwa robo karne, yalisimama.

Kati ya chunguzi hizo mbili za mwisho, sauti nyingine ilisikika. Mwezi Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Hayati Rais John Magufuli aliwaambia wananchi kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu, wasiotaka kufanya kazi ya kulisha watoto wengi. Mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakigharamiwa na Marekani yaliamriwa kusimama. Mwezi Julai 2019 alirudia wito wa kuzaa akiwa Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo, jirani kabisa na watu tunaowazungumzia. Hatusemi kwamba hotuba hizo ndizo zilizosimamisha takwimu. Tunaihakiki hotuba kama tulivyouhakiki mchezo, na tunashangaa jinsi vilivyo ndugu. Mchezo ulimhukumu asiyepanga kuwa mzembe. Hotuba ikamhukumu anayepanga kuwa mvivu. Vyote viwili vinaipima tabia ya mtu, na kwa vyote viwili mwanamke wa Keza ni mshtakiwa. Inafaa pia kukumbuka kwamba hoja ya marehemu ilikuwa na sehemu ambayo Wakristo hatuwezi kuipuuza, yaani kwamba watoto si mzigo wa taifa, na kwamba ni haki kumtilia shaka mgeni anayetuhesabu. Sehemu hiyo tungeisema kwa sauti kubwa zaidi kama ingesemwa pamoja na habari za mama anayewabeba.

Mpaka hapa tumewahakiki wengine. Sasa ni zamu ya mimbari yetu.

Katika ibada za ndoa tumezoea kusoma Mwa. 1:28 na Zab. 127, na sisi wenyewe tumefanya hivyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Miaka iliyopita, tulipokuwa tukitumika usharikani, tulihubiri juu ya podo lililojaa mishale, na tulidhani tumehubiri vizuri. Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima alitusalimu mlangoni kwa adabu zote, kisha akasema, "Mchungaji, podo umelitaja sana. Anayelibeba hukumtaja." Hatukumjibu la maana. Tulimshukuru tu, kama tunavyofanya tunapokuwa tumeshindwa.

Kama Walutheri hatuwezi hata kujificha nyuma ya Mwanamatengenezo. Katika kitabu chake cha mwaka 1522 kuhusu maisha ya ndoa, Martin Luther anasema jambo ambalo hatupendi kulisoma kwa sauti darasani: kwamba wanawake wakichoka kwa kuzaa, na hata wakifa kwa kuzaa, si neno, kwa sababu ndiyo kazi waliyoumbiwa. Hatuna budi kusema wazi kwamba hapo Luther alikosea, na kwamba kosa hilo limeua watu. Lakini katika kitabu hichohicho anamsifu baba anayefua nepi za mtoto wake katika imani, huku watu wakimcheka, na anasema kwamba Mungu na malaika wake wanatabasamu. Maneno hayo mawili yametoka katika kalamu moja. Kanisa letu lilirithi la kwanza bila kulichunguza, na la pili tumelifanya kuwa kichekesho cha semina za wanandoa. Na tukiuliza Luther yupi atawale, Katekisimo Ndogo inatujibu katika maelezo ya amri ya tano: haitoshi kutomdhuru jirani, yatupasa kumsaidia katika kila hitaji la mwili wake. Mwanamke aliyejifungua mwaka jana na ambaye damu yake haijarudi ana hitaji la mwili.

Swali hili ni gumu zaidi huko Ngara kwa sababu hospitali kubwa za huko zimekuwa mikononi mwa makanisa, Murgwanza ikiwa ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki, ilhali hospitali zetu za upande ule, Nyakahanga huko Karagwe na Ndolage huko Muleba, ziko mbali. Waanglikana walifungua mlango kwa masharti katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1930. Wakatoliki wanafungwa na waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, nao hufundisha njia za asili tu. Hatuandiki ili kuwahukumu ndugu zetu. Njia za asili zinahitaji mume anayejua kuhesabu siku na kukubali kungoja, na mahali ambapo mume wa namna hiyo amepatikana, Kanisa Katoliki limefundisha jambo ambalo sindano haiwezi kulifundisha. Tunaomba jambo moja tu, na tunaliomba kwa kila dhehebu: kituo kisichotoa huduma fulani kimwambie mwanamke waziwazi ni wapi inapatikana na siku gani. Dhamiri ya mwenye hospitali ni yake. Saa tatu za miguu ni za mwanamke.

Mwaka 2025 swali la njia limerefuka kuliko mwinjilisti wetu alivyodhani. Baada ya Marekani kusitisha misaada yake, dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya karibu dola milioni 10 vilibaki ghalani Ubelgiji, na mwezi Julai ilitangazwa kwamba vingeteketezwa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya uzazi, IPPF, lilieleza kwamba katika shehena hiyo Tanzania ilikuwa imekusudiwa sindano zaidi ya milioni 1 na vipandikizi zaidi ya 365,000. Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa kanuni ya mchezo kwa uwazi wote. Mwanamke wa Keza aliyesikia, aliyeelewa, aliyemshawishi mumewe, aliyetembea na kufika, anaweza kukosa kwa sababu ya uamuzi uliofanyika katika nchi asiyoijua. Elifazi angemwambia nini?

Kwa upande wetu, sharika na mitaa ya vijijini ina kitu ambacho wizara haina kila mahali, nacho ni jengo lenye paa, ambalo siku sita kwa juma hukaa tupu, pamoja na mtu anayejulikana kwa kila nyumba. Wahudumu wa mkoba huhitaji hasa vitu hivyo viwili. Mwinjilisti anayetangaza mwisho wa ibada kwamba Alhamisi wauguzi watakuwapo hapa kanisani, na kwamba akina baba nao wanakaribishwa, hajatoa mafundisho yoyote ya kutatanisha. Ametoa tangazo. Tunajua wapo wazee wa kanisa watakaonung'unika kwamba nyumba ya Mungu imegeuzwa zahanati, na wengine watataja njia za kufunga uzazi, ambazo kweli zinahitaji mashauri ya uangalifu na ridhaa isiyo na shinikizo. Wasikilizwe. Lakini jengo lifunguliwe wakati wanasikilizwa.

Mwishoni mwa juma lile tuliwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja atunge sehemu moja ya mchezo kwa kufuata kanuni ya Sabido, itokee mahali anapotoka. Wengi walitunga vizuri, walevi wakaadhibiwa na wenye bidii wakajengewa nyumba za bati. Mwinjilisti wa Keza alimwandika mwanamke anayetoka kabla ya mapambazuko, anayevuka bonde, anayefika na kukuta mlango umefungwa. Anakaa chini ya mkaratusi na wenzake wanne waliofika kabla yake. Mmoja ana mahindi ya kuchoma, wanagawana, wanaambiana habari za bei ya maharage, kisha wanarudi. Sehemu inaishia hapo.

Tulimwuliza mbele ya darasa mwanamke huyo ni wa kundi gani kati ya yale matatu. Akasema amejaribu kumpanga ameshindwa. Anachojua ni kwamba atarudi Alhamisi. Tulimpa alama 16 kati ya 20, kwa kuwa hakufuata kanuni aliyopewa, na pembeni tukamwandikia kwamba amesahau kumpa mume sehemu ya kusema.